Hodi Isiyojibiwa: Ung'amuzi wa Hitilafu za Mawasiliano baina ya Michakato Sambamba ndani ya Kompyuta Moja, kwa Mifano ya Kisiwa cha Mafia



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu inaweza kuonekana ngeni katika ukumbi uliozoea kusikia habari za lahaja, ngeli na ushairi. Ugeni huo ni wa juu juu tu. Mtafiti wa Kiswahili wa leo hafanyi kazi kwa kalamu na vikadi peke yake. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Profesa Arvi Hurskainen, ina takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Matini za kiasi hicho hazisomeki kwa macho. Husomwa na kompyuta, na mara nyingi kazi hiyo hugawiwa wasomaji kadhaa wanaosoma kwa wakati mmoja ndani ya mashine ile ile. Wasomaji hao wasiposikilizana, kazi husimama. Au, jambo lililo baya zaidi, huendelea na kutoa majibu ya uongo.

Nakusudia kujadili mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni namna ya kung'amua chanzo cha hitilafu pale ambapo michakato inayofanya kazi sambamba katika kompyuta moja inashindwa kuwasiliana. La pili ni lugha ya kuielezea hitilafu hiyo. Nitajaribu kuonyesha kuwa sarufi ya Kiswahili ina vifaa vya kutofautisha hitilafu hizi kwa usahihi, na kwamba tafsiri zetu za ujumbe wa makosa mara nyingi huviacha vifaa hivyo kabatini.

Mifano yangu mingi nimeichota Mafia. Kisiwa hicho kina lahaja zinazostahili kuandikwa kwa kina zaidi, ikiwamo Kingome, ambayo msamiati wake ulichapishwa na Ahmad Kipacha mwaka 2004. Zaidi ya hayo, mtu wa kisiwani anajua vizuri tofauti kati ya kuvuka bahari na kwenda kwa jirani. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mada yetu.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mtafiti mmoja yuko Kilindoni na kompyuta yake ya mkononi. Amenukuu mazungumzo ya wazee, naye anataka kujua kila umbo la kitenzi limetokea mara ngapi. Programu yake inaigawa kazi hiyo kwa michakato minne. Alipokuwa Dar es Salaam programu ilifanya kazi bila tatizo. Amefika Kilindoni, imegoma: kioo kinamwambia kuwa mchakato mmoja umeshindwa kuungana na mwenzake. Wazo lake la kwanza ni kwamba mtandao wa kisiwani ni mbovu. Anatoka nje kutazama mnara wa simu, ananunua bando, anangoja usiku uingie. Hali haibadiliki. Kwa nini ibadilike, ilhali michakato yote minne imo katika mashine moja iliyo juu ya meza yake, na hakuna ujumbe hata mmoja uliokusudiwa kuvuka mlango wa bahari kwenda Nyamisati?

2.0 Michakato Sambamba

Programu iliyohifadhiwa katika diski ni kama wimbo ulioandikwa kwenye karatasi. Mchakato ni wimbo huo unapoimbwa. Karatasi ni moja, lakini waimbaji wanaweza kuwa wanne, na kila mmoja akawa na pumzi yake na mahali pake alipofikia. Vivyo hivyo, programu moja inaweza kuendeshwa kama michakato minne, na kila mchakato ukapewa eneo lake la kumbukumbu ambalo wenzake hawaruhusiwi kuligusa. Kwa sababu hiyo michakato haiwezi kujuana mambo kwa kuchunguliana. Ni lazima ipashane habari.

Haja ya utaratibu huu iliongezeka pale watengenezaji wa kompyuta walipoacha kutegemea kasi ya kiini kimoja. Kuanzia mwaka 2005 kompyuta za kawaida zenye viini viwili zilianza kuenea, na leo viini vinne au vinane si jambo la ajabu. Programu isiyogawa kazi hutumia kiini kimoja, vingine vikabaki vimekaa kama mafundi waliokosa mbao. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kuafikiana mapema zaidi juu ya kanuni za kupitishana ujumbe: toleo la kwanza la kanuni zijulikanazo kama MPI lilitolewa mwaka 1994, na hadi leo hutekelezwa na vifurushi vya programu kama Open MPI na MPICH.

Anayetaka kuuona utaratibu huu kwa macho na atazame uundaji wa mashua. Fundi mmoja anaweza kupigilia mbao za upande wa kulia na mwingine za upande wa kushoto, kila mmoja kwa mwendo wake. Lakini kazi ya kukalafati haiwezi kukamilika kabla mbao zote hazijafungwa kwenye mataruma, na chombo hakishushwi majini kabla ya kukalafatiwa. Kuna mahali ambapo kila mmoja hufanya lake, na kuna mahali ambapo wote hungojana. Programu sambamba ina sehemu za namna hizo mbili, na karibu hitilafu zote tutakazozijadili huonekana katika zile sehemu za kungojana.

Ndani ya kompyuta moja, ujumbe hupita kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya pamoja, yaani ubao ambao michakato kadhaa imeruhusiwa kuandika na kusoma. Ya pili ni soketi, ambayo hufuata kanuni zile zile za mtandao ingawa ujumbe hautoki nje ya mashine. Michakato mingi hutumia njia zote mbili: soketi kwa kutambulishana mwanzoni, kisha kumbukumbu ya pamoja kwa kazi yenyewe. Ndiyo maana kosa la mtandao linaweza kuonekana mahali ambapo mtumiaji hadhani kama kuna mtandao.

3.0 Mwenyeji, Mlango na Hodi

Soketi za aina tunazozijua leo zilienezwa na mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Mpango wake unafanana mno na adabu ya nyumba zetu. Mchakato unaotaka kupokea wageni huchukua mlango wenye namba, kisha hukaa kusikiliza. Mchakato mwingine huja na kubisha hodi. Wa ndani hujibu karibu. Mgeni huthibitisha kwamba ameisikia karibu hiyo, na mazungumzo huanza. Kanuni ya TCP hudai hatua hizi tatu, wala haikubali pungufu. Na mgeni asipojibiwa hurudia hodi yake mara kadhaa kabla ya kukata tamaa, kama ilivyo katika adabu ya Kiislamu inayofuatwa pwani, ambapo mtu hubisha hodi mara tatu, akikosa jibu hurudi zake.

Namba za milango huanzia 0 hadi 65535. Katika mifumo ya jamii ya Unix, milango iliyo chini ya 1024 kwa kawaida huhifadhiwa kwa ajili ya msimamizi wa mashine. Anwani yenyewe, kwa mazungumzo ya ndani, ni 127.0.0.1, iitwayo anwani ya kujirudia. Ujumbe unaoelekezwa huko haufiki kwenye waya wala kwenye antena. Hugeuzwa humo humo ndani. Kompyuta iliyo Kilindoni bila mtandao wowote inaweza kuzungumza nayo usiku kucha.

Wanaisimu watapenda kuuliza kwa nini nimechagua neno mlango, ilhali neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa ni lile lile liitalo bandari. Nimeona kuwa bandari ni mahali pa kushushia shehena kutoka mbali, nako huwa kumoja au kuwili katika kisiwa kizima. Mlango ni kitu ambacho nyumba moja inaweza kuwa navyo vingi, hufungwa na kufunguliwa, na huwa na mtu nyuma yake au hauna. Aidha, neno mlango katika matumizi ya mabaharia hubeba pia maana ya njia nyembamba ya maji, kama ule mlango wa bahari unaoitenga Mafia na bara. Neno mwenyeji nalo linafaa kwa mashine inayowapokea wageni, kwa kuwa mwenyeji ana wajibu hata pale anapomkataa mgeni: sharti amwambie.

4.0 Aina za Kushindwa

Ujumbe wa makosa ukiwa umetafsiriwa kwa Kiswahili mara nyingi husema tu kwamba imeshindikana kuunganisha. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini haina msaada. Ni sawa na tabibu kumwambia mgonjwa kuwa anaumwa. Chini ya kushindikana huko kuna hali zisizopungua tatu, na kila moja ina chanzo chake.

4.1 Kukataliwa

Mgeni amebisha hodi, na mara moja, pengine kwa muda usiofika hata sekunde, amejibiwa kuwa hakuna anayesikiliza katika mlango huo. Kitenzi kataa, kinapotendwa, hupata umbo kataliwa, na ile l iliyomezwa hurudi kama tunavyoiona katika zaa na zaliwa, au vaa na valiwa. Umbo la kutendwa hudai mtenda. Kwa hiyo tunaposema muunganisho umekataliwa, tumekwisha kusema kuwa yupo aliyekataa. Aliyekataa ni mfumo endeshi wa mashine yenyewe, na kukataa kwake kunatupa habari njema: mashine ipo, njia ya kufikia ipo, isipokuwa mlango hauna mtu. Uchunguzi ujikite katika kumtafuta aliyetakiwa kuwa nyuma ya mlango.

4.2 Kutojibiwa

Mgeni amebisha hodi, akarudia, akarudia tena, hadi muda wake ukaisha. Hakukataliwa wala hakukaribishwa. Hapa ndipo tofauti kati ya jirani na ng'ambo inapotusaidia. Baina ya kompyuta mbili zilizo mbali, kimya kinaweza kumaanisha mambo mengi: waya umekatika, mashine imezimwa, umeme umekwisha. Ndani ya kompyuta moja hali haiko hivyo, kwa sababu mfumo endeshi upo daima, nao una desturi ya kujibu hata kwa kukataa. Kimya ndani ya nyumba moja, kwa hiyo, ni dalili nzito. Ama kuna ukuta wa ulinzi uliopewa amri ya kuzitupa hodi bila kujibu. Ama hodi inapigwa kwenye anwani ambayo si ya nyumba hii. Ama mwenyeji yupo lakini ameshikwa na jambo jingine na foleni ya wageni imejaa.

4.3 Kukatwa na kukatika

Mazungumzo yalianza vizuri, kisha yakakoma. Kiswahili hutuwezesha kutofautisha kukatwa, kunakodai mtenda, na kukatika, kusikodai. Muunganisho uliokatwa umefungwa na upande wa pili, au na mfumo endeshi kwa niaba ya mchakato uliokufa. Muunganisho uliokatika umepotea bila mkono wa mtu, kama kamba iliyooza. Ndani ya mashine moja kukatika kwa namna hiyo ni nadra sana. Karibu kila mara kuna mchakato ulioanguka, na kilio cha wenzake ni matokeo tu.

5.0 Hatua za Ung'amuzi

Baada ya kuzitambua aina hizo, sasa tumrudie mtafiti wetu wa Kilindoni na tumsaidie hatua kwa hatua. Kanuni ya jumla ni kwenda kutoka jambo lililo jepesi kuthibitishwa hadi lililo gumu, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

(a) Aanze na kosa la kwanza, si la mwisho. Mchakato mmoja ukifa, wengine watatu hupiga kelele kuwa wamekatwa, na kelele zao ndizo hujaza kioo. Msiba haujulikani kwa kuwahesabu waliao. Apande juu ya maandishi hadi aone ujumbe uliotangulia wote. Mara nyingi atakuta kuwa kumbukumbu ya mashine ilijaa na mfumo endeshi ukauua mchakato mmoja, au kwamba faili moja halikupatikana. Hapo tatizo si la muunganisho kabisa.

(b) Athibitishe kuwa michakato yote ipo na inajuana. Kila mchakato na uandike namba yake na idadi ya wenzake. Majibu sahihi ni kwamba mimi ni 0 kati ya 4, mimi ni 1 kati ya 4, na kuendelea, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri. Iwapo kila mmoja atasema kuwa yeye ni 0 kati ya 1, basi hakuna kundi. Kuna wapweke wanne. Hali hii hutokea mara nyingi pale ambapo programu ya kuanzisha michakato imetoka kifurushi kimoja, kwa mfano Open MPI, na maktaba iliyounganishwa na programu ya mtafiti imetoka kifurushi kingine, kama MPICH. Tiba ni kuondoa kimoja, au kuijenga programu upya kwa kifurushi kile kile kinachoiendesha.

(c) Kama ni kukataliwa, aangalie mlango. Programu kama netstat, au ss katika Linux za sasa, huorodhesha milango inayosikilizwa na wenye milango hiyo. Kama mlango haumo katika orodha, mwenyeji hajaanza kusikiliza. Huenda mgeni amefika mapema mno. Kumwagiza mgeni alale sekunde 5 kabla ya kubisha huficha tatizo bila kuliondoa. Njia bora ni kumfanya arudie hodi kwa vipindi, au mwenyeji atoe ishara kuwa yuko tayari. Kama mlango umo katika orodha, atazame anwani iliyo mbele ya namba. Kompyuta nyingi zina anwani mbili za kujirudia, 127.0.0.1 ya toleo la nne la kanuni za intaneti na ::1 ya toleo la sita. Mwenyeji anaweza kuwa anasikiliza kwenye moja huku mgeni akibisha kwenye nyingine, kila mmoja akiapa kuwa yuko mahali sahihi.

(d) Kama ni kutojibiwa, aulize jina. Hapa ndipo tunapolipata jibu la yule mtafiti wetu. Michakato mingi haiitani kwa anwani ya kujirudia. Huuliza jina la mashine, kisha hutafuta anwani ya jina hilo. Kompyuta yake, ilipokuwa Dar es Salaam, ilipewa anwani na mtandao wa ofisi, na anwani hiyo ikaandikwa mkabala na jina lake katika faili la majina. Amevuka bahari, lakini faili halikuvuka: bado linasema kuwa mashine hii inaishi Dar es Salaam. Mchakato wa pili unapomtafuta wa kwanza, unabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa, ilhali mwenyewe amekaa naye meza moja. Mtafiti hakukosea alipohisi kuwa kuhama kwake kunahusika. Alikosea alipodhani kuwa mnara wa simu ndio wenye dawa. Dawa ni kurekebisha jina lielekee kwenye anwani ya ndani, au kuiamuru programu itumie anwani ya kujirudia peke yake.

Kama jina ni sahihi na kimya kinaendelea, aangalie ukuta wa ulinzi. Programu ya ping ikijibiwa na 127.0.0.1, hiyo inathibitisha tu kuwa kitanzi cha ndani kiko hai. Haithibitishi kuwa mlango fulani uko wazi. Wanafunzi wengi hufurahia jibu la ping na kuacha uchunguzi hapo.

(e) Kama mlango umeshikwa, amtafute aliyeushika. Pengine mchakato wa jaribio la jana haukufa, nao umeukalia mlango. Pengine umekufa, lakini mfumo endeshi unauhifadhi mlango kwa muda mfupi ili ujumbe wa zamani usije ukamfikia mpangaji mpya. Kwa hali ya kwanza, mchakato wa kale uzimwe. Kwa hali ya pili, kungoja kidogo kunatosha, au programu iombe ruhusa ya kuutumia mlango huo tena.

(f) Achunguze ubao wa pamoja. Kumbukumbu ya pamoja ina kiwango. Kifurushi cha Docker, kwa mfano, huipa kila kontena megabaiti 64 tu kama hakuagizwa vinginevyo, na michakato mikubwa hukimaliza kiwango hicho upesi. Vilevile, sehemu ya faili za muda ikijaa, michakato hushindwa kuandika vitambulisho vyake na hulalamika kwa maneno yanayofanana na ya mtandao.

(g) Atofautishe kimya cha mlangoni na mkwamo wa ndani. Iwapo michakato miwili imekwisha kuungana, na kila mmoja umekaa ukingoja mwenzake aseme kwanza, hakuna hitilafu ya muunganisho, kuna mkwamo. Dalili yake ni kwamba ujumbe mfupi hupita na mrefu hugandisha kazi. Ujumbe mfupi huwekwa barazani ukimngoja mpokeaji, na mtumaji huendelea na shughuli zake. Mrefu hauenei barazani, hivyo mtumaji hulazimika kusimama nao mpaka mpokeaji afungue mikono. Wote wawili wakiwa wamebeba, hakuna wa kupokea. Tiba ni kupanga zamu: mmoja atume wakati mwenzake anapokea.

(h) Mwisho, apunguze. Aendeshe mchakato mmoja, kisha miwili, kisha minne. Idadi ya jozi zinazoweza kuzungumza hukua upesi kuliko idadi ya michakato: michakato 4 ina jozi 6, michakato 16 ina jozi 120, na michakato 64 ina jozi 2016. Hitilafu iliyofichika katika jozi 2016 huonekana waziwazi katika jozi moja.

6.0 Funzo la Rufiji, 1915

Historia ya Mafia yenyewe ina tukio linaloonyesha kuwa muunganisho mzima unaweza kubeba habari isiyofaa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, mkabala na Mafia. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na baadaye wakaifanya kituo cha ndege, katika vita ambavyo wenyeji wa kisiwa hawakuviomba. Tarehe 6 Julai 1915 vyombo viwili vya mizinga, Severn na Mersey, viliingia mtoni. Manowari haikuonekana kutoka vilipo. Ndege ndizo zilizoangalia makombora yanapoangukia na kuvijulisha vyombo kwa simu ya upepo.

Njia ya mawasiliano ilikuwapo. Lakini vyombo vyote viwili vilipopiga kwa wakati mmoja, mtazamaji wa angani aliona vigumu kujua kombora lipi limetoka wapi, na kwa hiyo marekebisho yake hayakuwa na mwenyewe. Siku hiyo kazi haikukamilika. Tarehe 11 Julai walirudi kwa utaratibu wa kupiga kwa zamu. Ndege ya rubani John Cull na mtazamaji wake Arnold ilipigwa, nao wakaendelea kutuma marekebisho huku ndege ikishuka. Königsberg iliharibiwa siku hiyo.

Ndege, simu na mizinga havikuwa vimebadilishwa kwa namna ya kueleza tofauti hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kila habari ilijulikana inamhusu nani. Ndiyo sababu kanuni za MPI hudai kuwa kila ujumbe uwe na namba ya mtumaji, alama ya aina yake na kundi unalohusika nalo. Mwandishi wa programu anayekubali ujumbe kutoka kwa yeyote, bila kuangalia alama hizo, anairudia asubuhi ya tarehe 6 Julai. Wahenga walikwisha kusema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tunaweza kuongeza kwamba hakiendi mrama kwa wingi wa manahodha pekee, bali kwa kutojulikana sauti ipi ni ya nani.

7.0 Kilichomo Hatarini

Huenda msikilizaji akauliza: je, haya si ya mafundi? Napenda kujibu kwa kurejea ile hali ya wapweke wanne. Katika hali hiyo programu haigomi. Kila mchakato huamini kuwa uko peke yake, huhesabu matini yote, kisha hutoa jumla yake. Jumla hizo zikikusanywa katika faili moja na kujumlishwa, umbo lililotokea mara 50 litaonekana limetokea mara 200. Asilimia hazitabadilika hata kidogo, kwa sababu kila kitu kimezidishwa kwa nne, na kwa hiyo majedwali yatapendeza macho. Lakini neno lililotamkwa mara moja tu na mzee mmoja litasomeka kuwa limetamkwa mara nne. Maneno ya mara moja yatatoweka katika orodha.

Kwa mtafiti wa lahaja, maneno ya mara moja ndiyo yenye uzito. Ndimo humo mnamokuwamo mabaki ya msamiati unaokufa, na pia ndimo zinamokuwamo ndimi zilizoteleza. Akiyapoteza, atachapisha mtelezo wa ulimi kama neno la kawaida, au atalihesabu neno linalotoweka kuwa bado lina afya. Mzee aliyelitamka huenda hatapatikana tena ili aulizwe. Mashine haikutoa kosa lolote. Mhariri wa jarida hataliona. Kinga yake ni ile hatua (b): kuuliza kila mchakato wewe ni wa ngapi kati ya wangapi.

Hapo ndipo lugha ya ujumbe wa kosa inapokuwa jambo la kitaaluma. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa menyu na vitufe vinaweza kusema Kiswahili. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, kwa kuwa menyu husomwa mambo yanapokwenda vizuri, na ujumbe wa kosa husomwa yanapoharibika. Napendekeza kanuni tatu kwa watafsiri. Kwanza, wasiyavunje makosa tofauti kuwa kosa moja: umekataliwa, hukujibiwa na umekatwa visiwekwe chini ya imeshindikana. Pili, waheshimu kauli za vitenzi: wasitumie kauli ya kutendwa pasipo mtenda, wala kauli ya kutendeka pale ambapo mtenda yupo. Tatu, watumie mnyambuliko wa kutendana kwa mambo yanayohitaji pande mbili. Michakato inangojana ni maelezo kamili ya mkwamo kwa maneno mawili tu, na sijui lugha nyingi zinazoweza kulisema hilo kwa ufupi huo.

8.0 Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha kuwa hitilafu za mawasiliano ndani ya kompyuta moja si fumbo. Anayechunguza ajiulize kwanza kama hodi ilikataliwa, haikujibiwa, au mazungumzo yalikatwa. Kisha aangalie mlango, anwani, jina, na mwenyewe wa ujumbe, kwa utaratibu huo. Nimeonyesha pia kuwa maswali hayo tunaweza kuyauliza kwa Kiswahili bila kuazima mantiki ya lugha nyingine, kwa sababu adabu ya hodi na sarufi ya vitenzi vyetu zimekwisha kuyapanga.

Mtafiti wetu wa Kilindoni sasa amerekebisha mstari mmoja katika faili la majina. Michakato yake imejibu: 0 kati ya 4, 1 kati ya 4, 2 kati ya 4, 3 kati ya 4. Bando alilonunua bado analo. Kilichobaki ni kuwahesabu wazee wake neno kwa neno, kila neno mara moja.